Kompyuta mpya yakataa daftari la duka

Ndugu msikilizaji, nawe msomaji unayenisoma badala ya kunisikiliza, juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu huwaachia mafundi, na likiharibika tunalia sote. Kampuni kubwa ya ng'ambo inapotoa toleo jipya la mfumo unaoendesha kompyuta, vijana wetu wanaoandika programu wanapata nini, wanapoteza nini, na sisi wateja wao tunabaki wapi?

Nianzie Lugarawa.

Mwishoni mwa Novemba 2025 nilikuwa huko Lugarawa, wilayani Ludewa, mkoa wa Njombe. Mvua zilikwishaanza na kila mtu alikuwa akitafuta mbolea. Niliingia katika duka moja la pembejeo nikamkuta mwenye duka, mzee wa miaka sitini na kitu, ameinamia daftari la karatasi, kalamu mkononi. Mbele yake kulikuwa na kompyuta mpya, bado ina nailoni ya kiwandani kwenye skrini.

Nikamtania, "Mzee, hiyo umeiweka pambo?"

Akacheka kicheko cha mtu aliyeumia. "Mwanangu alininunulia Makambako. Ile ya zamani ilikuwa inajizimia ovyo. Sasa hii mpya haiitaki programu yangu. Na madeni ya watu yote yamo mle."

Asiyeijua nchi ile huenda asione uzito wa maneno hayo. Wakati wa kupanda mkulima hana fedha. Anachukua mbolea na mbegu kwa mali kauli, anaandikwa, na analipa akishavuna mahindi au viazi. Daftari la madeni ndiyo roho ya duka. Likipotea, mwenye duka anabaki na kumbukumbu yake na uaminifu wa jirani, na vyote viwili vina mipaka.

Programu ya mzee yule iliandikwa mwaka 1998 na kijana aliyekuwa akifundisha kompyuta Iringa. Ilikuwa ya enzi za DOS, skrini nyeusi na herufi nyeupe, isiyohitaji hata puku. Mwaka 1999 kijana yule aliitwa tena na kulipwa tena, ili tarehe zisirudi 1900 ulimwengu ulipoingia mwaka 2000. Baada ya hapo hakuitwa tena. Programu ilihama kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ikapita Windows 98, ikapita Windows XP, ikafika Windows 7, na kila mara ilifunguka. Mzee akaamini kwamba programu ni kama jiwe la kusagia, ukishalipata unawarithisha wajukuu.

Kompyuta mpya ilikuja na Windows 11. Mzee alipoifungua programu yake, ilijibu kwa Kiingereza kwamba haiwezi kuiendesha. Basi.

Sasa tuelezane. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka kabla ya nyingine zote ukiwasha kompyuta. Windows ni mfumo endeshi, na macOS ya Apple na Linux ni mifumo endeshi pia. Kazi yake ni ya msimamizi wa stesheni. Programu ya duka haizungumzi na printa wala diski moja kwa moja. Inamwomba msimamizi, "Nisomee faili hili, nichapie risiti hii," naye anapanga foleni na kutoa ruhusa. Mwandishi wa programu hujenga kazi yake yote juu ya taratibu za msimamizi huyo. Msimamizi akibadilishwa, mpya akaja na taratibu zake, mwandishi analazimika kujua ni zipi zimebaki na zipi zimefutwa.

Wasikilizaji wangu wa Makambako wataelewa upesi nikitumia mfano wa reli. Reli ya TAZARA inayopita pale ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Tofauti yake ni milimita 67, haifiki hata urefu wa kidole, lakini behewa la huku haliwezi kukanyaga kule. Ndiyo sababu pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo hushushwa upande mmoja na kupakiwa upande wa pili.

Programu nazo zina upana wake, na hupimwa kwa biti. Zile za enzi za DOS zilikuwa za biti 16. Windows 95 ilipozinduliwa tarehe 24 Agosti 1995, ilileta upana mpya wa biti 32 kwa watu wengi, lakini haikuing'oa reli ya zamani. Iliziacha zote mbili stesheni, kila behewa likapita lilipozoea. Baadaye zikaja kompyuta za biti 64. Windows ya biti 64 ilibakiza njia ya biti 32 na kuing'oa ile ya biti 16. Hata hivyo, Windows 7 na Windows 10 ziliendelea kutolewa pia katika toleo la biti 32, na humo programu za kale ziliweza kupita. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ndiyo ya kwanza kuja kwa biti 64 peke yake. Kwa hiyo njia ya programu kama ya mzee wa Lugarawa, iliyokuwa imeachwa wazi kwa zaidi ya robo karne, ilifungwa siku ile, naye akaja kulijua jambo hilo miaka minne baadaye, mvua zimeanza, wateja wamejaa dukani.

Nisiionee Microsoft. Kampuni hiyo ina sifa ya kuvumilia programu za zamani kuliko wenzake. Apple, kwa mfano, ilipotoa macOS Catalina mwezi Oktoba 2019, ilizikata programu zote za biti 32 kwa siku moja. Microsoft bado inaziendesha ndani ya Windows 11 programu zilizoandikwa kwa Visual Basic 6, chombo cha mwaka 1998 ambacho vijana wengi walianzia nacho, ingawa msaada kwa chombo chenyewe ulikoma Aprili 2008. Lakini uvumilivu huo una madhara yake. Humfanya mwandishi wa programu alale. Kila toleo jipya likija na kazi yake ikifunguka, anajiambia, "Bado ipo." Halafu siku moja haipo.

Nilipotoka Lugarawa nilipita Makambako kuonana na kijana mmoja anayeandika programu za maduka na za maghala ya mazao. Nilimwuliza toleo jipya likitangazwa, yeye hufanya nini. Alinitajia mambo manne, nami nitayaeleza kwa lugha yetu.

La kwanza ni majaribio. Lazima apate kompyuta yenye toleo jipya, afunge programu yake, apitie kila kitufe: kuuza, kurudisha bidhaa, kufunga hesabu ya siku, kuchapa. Hii ni kazi ya wiki kadhaa, na mteja hailipii, kwa sababu kwa macho ya mteja hakuna kilichoongezeka. Lakini asiyejaribu mapema hujaribiwa na mteja, tena siku ya gulio.

La pili ni vifaa. Duka la leo lina printa ya risiti, kisoma msimbo, na mashine za kielektroniki za kutolea risiti za kodi, zile za EFD zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010. Baadhi ya mashine hizo huunganishwa na kompyuta. Kila kifaa kinahitaji programu ndogo ya kukitambulisha kwa mfumo endeshi, ambayo mafundi huiita draiva. Draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64. Isitoshe, tangu mwaka 2016 Windows 10 ilianza kudai kwamba draiva mpya zinazoingia ndani kabisa ya mfumo ziwe zimetiwa sahihi na Microsoft yenyewe. Ni kinga nzuri dhidi ya wahalifu. Lakini mwenye printa ya zamani ambayo kiwanda chake hakiitengenezei tena draiva, anaambiwa kwa adabu akanunue nyingine.

La tatu ni kuaminika. Ukipokea programu kwa njia ya intaneti na Windows ikawa haimjui mwandishi wake, inakuonya kwa ukurasa mzima wa bluu kwamba imekulinda. Mteja akiliona onyo hilo anadhani kijana wa Makambako ni mwizi. Dawa yake ni kijana kuwa na cheti cha sahihi ya kidijiti, kinachouzwa na makampuni ya nje yanayotambuliwa, kwa dola, na ambacho hulazimika kukifanya upya kila muda wake ukiisha. Tena hata ukiwa nacho, jina jipya huchukua muda kuaminiwa. Kwa kampuni kubwa hiyo ni fedha ya chai. Kwa kijana mwenye wateja kumi na wanane ni kodi ya chumba.

La nne ndilo zito zaidi. Wateja hawahami pamoja. Windows 11 inadai kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa kompyuta zenye prosesa za Intel, kwa kawaida inataka kizazi cha nane kwenda mbele, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi zinazonunuliwa katika miji yetu ni za mtumba, zimekwishafanya kazi ofisini Ulaya au Marekani kabla ya kushuka bandarini. Nyingi ni za nyuma ya hapo. Hivyo kijana yule ana mteja Njombe mjini mwenye Windows 11, mwingine Makambako mwenye Windows 10, na mwingine kijijini bado yuko Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Programu moja, stesheni tatu. Akitumia kitu kipya cha Windows 11, wawili wanaachwa. Akibaki na vya zamani, anajenga juu ya mchanga.

Hapa kuna msikilizaji atakayesema, "Basi tukae na za zamani, zinatutosha." Mwenzangu, hilo nalo lina bei yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, iliyokuwa imetoka Julai 2015. Maana yake si kwamba kompyuta zilizimika siku ile. Maana yake ni kwamba ufa ukigunduliwa ukutani, hakuna fundi anayekuja kuuziba bure. Kwa mtu binafsi kampuni ilitangaza njia ya kuongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa kuunganisha kompyuta na akaunti yake huko Microsoft. Kwa makampuni na mashirika ilikuwa dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, bei ikipanda maradufu kila mwaka, mwisho miaka mitatu.

Na nyufa hizo si hadithi za kutishia watoto. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia katika kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, kikafunga mafaili na kudai fedha. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa na kuahirisha maelfu ya miadi. Kiraka cha kuziba ufa ule kilikuwa kimetolewa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, na wale ambao mifumo yao ilikuwa imezeeka kiasi kwamba haikuandaliwa kiraka kwa wakati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wapo wanaosema dawa ni kuachana na programu za kufungwa kwenye kompyuta, na kuandika za kutumika ndani ya kivinjari cha intaneti, kama ilivyo mifumo mingi ya Serikali siku hizi. Hoja hiyo ina nguvu. Mteja akiwa na Windows, Linux au simu, ukurasa ni uleule. Kijana wetu hurekebisha mahali pamoja tu. Lakini hata kivinjari ni stesheni. Waliojenga mifumo yao kwa ajili ya Internet Explorer pekee walishtuka Microsoft ilipokistaafisha kwenye Windows 10 tarehe 15 Juni 2022. Na mtandao ukikatika wakati wa mvua, mwenye duka milimani hawezi kuuza kama kila kitu kiko mbali. Wenye busara huandika programu inayoweza kufanya kazi bila mtandao, ikatuma hesabu ukirudi.

Sisi Waswahili tumekwishapata funzo katika jambo hili, na ni vema tulikumbuke. Mwaka 2004 wataalamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya heshima. Walikaa wakatafuta maneno, wakabishana juu ya maneno, wakatafsiri maelfu ya vifungu. Microsoft nayo ikatoa kifurushi cha Kiswahili kwa Windows XP. Tulifurahi. Lakini kila kifurushi kilikuwa cha toleo lake. Kile cha XP hakikuweza kufungwa kwenye matoleo yaliyofuata. Ilibidi kitengenezwe kingine. Na OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, wengi wakahamia LibreOffice, na kazi ya tafsiri ikalazimika kufuata. Lugha katika kompyuta, kama programu ya duka, haimaliziki siku ya uzinduzi. Inataka mtu wa kuilea toleo baada ya toleo. Sisi hupenda kukata utepe. Kulea tunasahau kukutengea fungu.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Toleo jipya la mfumo endeshi linatukumbusha kwamba programu ni kama nyumba ya matofali mabichi katika nchi ya mvua: ni imara ikikandikwa kila mwaka. Sisi wateja tumezoea kuinunua kama tunavyonunua jembe. Tunalipa mara moja, tunaomba tupunguziwe, na tukipiga simu miaka mitano baadaye tunashangaa kijana amebadili kazi. Kijana naye ametupa bei ya jembe kwa sababu alijua tukisikia bei ya malezi tutaondoka. Wote wawili tumedanganyana kwa upole.

Kwa hiyo nina maneno kwa pande mbili.

Kwa wewe unayenunua programu ya duka, shule au zahanati: uliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Je, Windows ikibadilika, nani atairekebisha na kwa bei gani? Je, kumbukumbu zangu naweza kuzitoa zote katika mfumo ambao programu nyingine inaweza kuzisoma? Na je, ukifa au ukihama, nani ana maandishi ya asili ya programu hii? Majibu yaandikwe katika mkataba, hata kama mkataba wenyewe ni karatasi moja. Lipa ada ndogo ya kila mwaka. Ni rahisi kuliko kulipa mara moja siku ya msiba.

Kwa wewe unayeandika: usitegemee jambo ambalo mwenye mfumo amekwishatangaza kwamba litaondolewa. Microsoft na wenzake hutangaza tarehe hizo miaka kadhaa mbele. Ziandike ukutani kama unavyoandika siku ya mitihani ya mwanao. Matoleo ya majaribio hutolewa kabla ya uzinduzi, yajaribu. Tenganisha kumbukumbu za mteja na programu yenyewe, ili moja ikifa nyingine isizikwe nayo. Na toza bei ya kweli. Anayeuza kwa bei ya kutupa leo ndiye atakayezima simu kesho.

Nirudi kwa mzee wetu. Habari njema ni kwamba madeni hayakupotea. Kijana wa Makambako alipanda Lugarawa na kebo yake, akaitoa diski katika kompyuta ile ya zamani, akaiunganisha na mpya. Alifunga programu iitwayo DOSBox, ambayo hutolewa bure na kazi yake ni kuigiza kompyuta ya kale ndani ya kompyuta ya leo, na ile skrini nyeusi ikafunguka tena. Mzee alipiga makofi. Lakini kijana alimwambia hilo ni gongo la kutembelea tu, mguu bado umevunjika. Akayachukua mafaili yenyewe, ambayo kwa bahati yalikuwa ya aina ya zamani inayojulikana ulimwengu mzima, akayafungua kwa LibreOffice. Majina yakatokea, mifuko ya mbolea ikatokea, shilingi zikatokea, mstari kwa mstari.

Yule mwalimu wa Iringa wa mwaka 1998, popote alipo, pengine hakujua kwamba alimwokoa mzee huyu kwa kuchagua aina ya faili isiyo siri ya mtu mmoja. Programu yake ilikufa baada ya kutumikia miaka 27. Daftari lake limebaki.

Nilipompigia mzee simu kabla ya kuandaa maoni haya, aliniambia amekubaliana na kijana yule ada ya kila mwaka, atakuwa akiilipa baada ya mavuno, kama wakulima wanavyomlipa yeye. Nikamwuliza, na lile daftari la karatasi je?

"Hilo nimelibakiza," akasema. "Kila jioni nachapa orodha ya madeni naibandika humo. Windows ikibadilika tena, karatasi haitaniuliza mimi ni toleo la ngapi."